Misamaha ya Papa Aloys

Nilimdharau Papa Aloys miaka minne kabla ya kumpa mkono. Sikumjua sura. Nilizijua barua zake, na hizo zilinitosha.

Mimi ni mwanasheria, watu wananiita Maître Carine. Kila Jumanne nakaa katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, huko Cimpunda, mtaa wa Bukavu, na meza moja na viti vitatu, nawasikiliza watu waliofukuzwa kazi. Wapishi, wafuaji, walinzi, walimu wa shule za watu binafsi. Msaada ni wa bure. Wanakuja wamevaa nguo za Misa, wanakaa kwenye ncha ya kiti kana kwamba kiti nacho kina mwenyewe atakayekasirika, wanatoa bahasha. Na ndani ya bahasha nakuta barua yao wenyewe ambayo imekwisha kuwanyonga.

Nieleze. Kwetu hapa, mkubwa wa kazi akitaka kumtupa mtu hamtupi hivi hivi. Ana adabu zake. Anamwandikia kwanza barua ya kumtaka ajieleze, ile ambayo wafanyakazi wote wanaiita demande: jambo fulani limetokea, una saa arobaini na nane, jibu kwa maandishi. Ilikusudiwa mtu apate nafasi ya kujitetea. Sasa mfanyakazi wa Bukavu akiipata, anafanya nini? Anaomba msamaha. Hajakosa lolote, lakini anaomba. Ndivyo tulivyolelewa. Mkubwa akikasirika unamtuliza kwanza, maneno mengine baadaye. Mtoto anamwomba msamaha baba aliyekanyaga kikombe kwa mguu wake mwenyewe. Mke anamwomba msamaha mama mkwe kwa sababu mvua imemnyeshea njiani. Hakuna anayekiri kitu hapo. Ni namna yetu ya kuisalimia hasira ya mtu.

Na wakubwa wanalijua hilo vizuri kabisa, kwa maana walilelewa katika nyumba hizo hizo. Wanaingoja barua ya msamaha, wanaipiga mhuri kwamba imepokelewa, halafu wanaandika ya pili: kwa kuwa umekiri kosa mwenyewe. Nimeusoma mstari huo mara nyingi mno. Watu waliosoma, wenye shahada ukutani, wanaopokea komunyo kila Jumapili na macho wamefumba! Sijui wanamwambia nini Mungu, lakini nina hakika hawampelekei kwa maandishi.

Barua za msamaha zenyewe zilikuwa ni moja. Kifaransa cha zamani, kimepigwa pasi, hakina kunyanzi: kwa heshima na unyenyekevu ninakuja mbele ya wema wenu usiopimika, kuomba msamaha kwa kosa lililotokea, na kuahidi kwamba halitatokea tena kamwe. Zimepigwa kwa mashine, si kompyuta. Na chini kabisa, pembeni, herufi mbili ndogo: A.M. Aloys Mugisho. Nilikuwa naziona herufi hizo kama mtu anavyoona mavi ya panya kwenye unga.

Jumanne moja akaja Bibiane. Mwanamke wa makamo, mikono imekwajuka kwa sabuni, sauti ndogo. Miaka kumi na moja alikuwa amefua mashuka katika nyumba ya wageni ya Maman Constance, huko Nguba, karibu na ziwa. Mashuka sita yalikuwa yamepotea. Alipewa demande, akajibu, akafukuzwa kwa wizi. Bahasha ikatoka, nikaangalia chini ya barua. A.M.

"Maître, mi sikuiba kitu," akasema. "Ile madrap yalienda Mumosho, ku kilio ya baba-mukwe wa Maman. Chauffeur njo aliyabeba. Hayakurudia. Batu bote ba mu nyumba banajua."

"Sasa juu ya nini uliandika kama unaomba musamaha?"

Akanishangaa.

"Si Maman alikuwa amekasirika?"

Nilishusha pumzi. Nikamuuliza huyo aliyemwandikia alimuuliza maswali gani.

"Jina yangu. Jina ya patron. Na kitu gani ilipotea."

"Hakukuuliza kama uliiba?"

"Hapana, Maître. Angeniuliza vile, ningesikia haya."

Bibiane hakuja kutafuta malipo. Alikuja kwa ajili ya karatasi moja. Masista wenye nyumba ya kupokea wageni walikuwa wanataka mfuaji, walimjua, walimpenda, ila sista mkubwa aliomba cheti cha kumaliza kazi, na alikitaka kabla ya Jumatatu, la sivyo angemchukua mwingine. Cheti hicho kwa sheria kinasema mtu alifanya kazi gani, tangu lini mpaka lini, na neno lingine haliongezwi. Maman Constance alikuwa amekiandika. Na chini akaongeza, kwa mkono wake wenye maandishi mazuri: amefukuzwa kwa wizi, kwa kukiri mwenyewe. Akamwambia Bibiane akichukue hivyo au akiache. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo mjini hapa, hakuna lango litakalofunguliwa, la masista wala la wapagani.

Nikapeleka malalamiko kwa mkaguzi wa kazi, naye akatuita pande zote mbili siku ya Ijumaa. Inspecteur Lucien ni mtu mwembamba, mchovu, mwenye haki. Aliisoma ile barua, akaniambia ukweli.

"Maître, hii ikibaki vile iko, mi siwezi kitu. Amekubali, amesaini."

Kwa hiyo Jumatano nilipanda Cimpunda kumtafuta Papa Aloys. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na laghai. Nikamkuta mzee mwenye tai, amekaa chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa duka, mbele yake mashine ya kuandikia ya zamani kuliko mimi. Vidole vyake vilikuwa vya buluu kwa karatasi za kaboni. Aliponiona alisimama, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta kiti changu, kisha akangoja nikae kwanza. Adabu tele. Nilizidi kukasirika.

"Papa, barua zako zinaua watu," nikamwambia.

"Kwanza jambo, Maître," akasema.

Nikamsalimia, nikasema jambo. Akanieleza maisha yake kabla sijamwomba, kwa sababu mwanaume wa Bukavu aliyewahi kukaa ofisini hawezi kukupa hata maji bila kukutajia cheo chake. Baba yake alitoka Bushi akashuka Luvungi kulima pamba. Yeye alikuwa na mkono mwepesi, mapadri wakamfundisha kupiga mashine, akawa secrétaire katika ofisi ya mashamba ya chai, miaka ishirini na sita, chini ya mkurugenzi mmoja tu, Directeur Barthélemy. Demande zote za mashamba yale, aliyeziandika ni yeye. Na majibu yote yalipita mikononi mwake.

"Batu balikuwa banaandika ovyo," akasema. "Mutu anasema hakuiba, anatukana, anataja ndugu ya directeur. Hao njo balifukuzwa. Mwenye kuomba musamaha, Directeur Barthélemy anasoma, anacheka, anapasua. 'Aloys, umuambie arudie ku kazi.' Inakwisha. Musamaha ilikuwa inafunga maneno."

Mashamba yalipofungwa, akaja hapa na mashine yake na barua ile ile kichwani. Watu wakamwamini kwa sababu Kifaransa chake kilikuwa kinanguruma. Hivyo ndivyo tunavyochagua watetezi wetu katika mji huu.

"Barthélemy alikufa, Papa," nikasema. "Hawa wa leo hawapasui. Wanapiga mhuri."

Akainama chini ya meza, akavuta sanduku la bati, akalifungua. Ndani mlikuwa na majalada kumi na mawili mazito, yamepangwa kwa miaka. Nakala za kaboni. Kila barua aliyowahi kumwandikia mtu, tangu siku ya kwanza, na tarehe yake na namba yake.

"Secrétaire bila chrono ni mutu wa bure," akasema, akiyagonga majalada, na kifua kikapanda kidogo.

Nikafungua jalada moja. Mlinzi, redio imepotea, msamaha. Mpishi, nyama imeoza wakati umeme hakuna, msamaha. Mwalimu, mtoto wa mwenye shule amefeli, msamaha. Kosa lililotokea, halitatokea tena kamwe. Nikalifunga, nikamwambia kwamba mwaka huu peke yake watu thelathini na mmoja walikuja kwangu na barua zenye A.M., na wote thelathini na mmoja walikuwa wamefukuzwa.

Papa Aloys akakaa.

"Habakurudia kuniambia," akasema.

"Walirudi nyumbani, Papa."

"Mi nilifikiri kama mutu harudii, ni kwamba iko ku kazi."

Ningemwonea huruma, lakini sikuwa na nafasi. Nikamwambia ninachotaka: Ijumaa aje mbele ya mkaguzi na majalada yake, aseme kwamba barua ya Bibiane aliiandika yeye bila kumuuliza kama aliiba, na kwamba anawaandikia wote hivyo hivyo.

"Unataka nikae mbele ya État, mbele ya Serikali, na tai, niseme mi ni mujinga."

"Ndiyo, Papa. Hiyo njo ninataka."

"Niko na miaka sabini na moja, Maître."

Nikasimama, nikaondoka bila kuaga. Njiani nilimtukana kimoyomoyo mpaka chini kabisa. Niliwaza kwamba wazee hawa wa ofisi watakufa wakiwa wamekumbatia karatasi zao, na watu wa chini watazidi kufukuzwa kwa Kifaransa kizuri.

Ijumaa, saa tatu. Maman Constance alifika amevaa kitenge cha kizungu, mkufu, na miwani ya jua ambayo hakuivua ndani ya nyumba. Alikuja na mtoto wa dada yake, Hugues, aliyemaliza sheria mwaka juzi na tangu hapo anatembea na mkoba usiofunguka. Nyumba ya wageni ile ina picha ya Moyo Mtakatifu mapokezi, na chini yake tangazo la kuwaomba wageni wasipoteze taulo. Bibiane alikaa kwenye benchi lile lile na Maman Constance, lakini mwisho kabisa, nusu ya mwili nje.

Tulikuwa tumekwisha kuanza pale mlango ulipogongwa. Papa Aloys. Tai ile ile, na majalada mawili yamefungwa katika kitambaa kama mtu anayempelekea mgonjwa chakula. Alimsalimia kila mtu mmoja mmoja kwa cheo chake, hata Hugues ambaye hana. Kisha akasimama wima, akakataa kiti.

"Inspecteur, ile barua ya huyu maman ni mimi niliandika. Sikumuuliza kama aliiba. Simuulizaka mutu. Ninaandikaka sawa hii kwa bote." Akameza mate. "Ni kosa ya kazi yangu."

Mkaguzi akafungua jalada. Akasoma moja, akasoma ya pili, akaruka mbele, akarudi nyuma. Msamaha, msamaha, msamaha. Uso wake ukaanza kulainika, na mimi nikaanza kuhesabu kwamba tumeshinda.

Hugues akakohoa.

"Inspecteur, muzee ametuletea chrono ya bezi mia tatu. Tunamushukuru. Lakini bezi mia tatu habamufanye wa mia tatu na moja awe mutakatifu."

Maman Constance akacheka, meno yote nje. Mjinga yule alikuwa amesema jambo la maana kwa mara ya kwanza tangu apewe shahada, na ilibidi liwe siku ile. Inspecteur Lucien akavua miwani, akajifuta macho.

"Maître, mi naelewa," akaniambia. "Lakini hii inaonyesha kama muzee anaandika mubaya. Haionyeshe kama maman hakukubali. Yeye njo alisaini."

Nikajibu nilivyoweza. Nilisema sana, na nilisema vizuri, na niliona kwamba haimwingii. Bibiane alikuwa anatazama sakafu. Ilikuwa Ijumaa, masista walikuwa wanangoja mpaka Jumatatu, na karatasi ile ilikuwa juu ya meza na neno wizi likitutazama.

Maman Constance aliona kwamba upepo ni wake, basi akaona afadhali na machozi yawe yake pia. Akaanza kulia. Akasema ana presha. Akasema tangu asubuhi amekalishwa kwenye benchi kama mama wa sokoni, yeye, mtu wa kwaya, mbele ya watu wasiomjua. Akasema Bibiane alimchukua kama mtoto wa tumbo lake. Alilia vizuri, bila kuharibu poda.

Ndipo Bibiane akasimama. Akapiga magoti nusu, akapiga makofi madogo ya mikono kama tunavyofanya mbele ya wakubwa, akasema kwa sauti yake ile ndogo:

"Maman, munisamehe. Nimebakalisha ku banc tangu asubuhi. Munisamehe sana."

Nilitaka kuuma meza. Kazi yote ile, na mwanamke anaomba msamaha mbele ya mkaguzi, tena kwa mdomo wake mwenyewe! Hugues akafungua mdomo kwa furaha. Lakini Maman Constance, aliyelelewa kama sisi wote, alikuwa amekwisha kujibu kabla hajafikiri. Akampungia mkono.

"Haina neno, Bibiane. Nimekusamehe."

"Inspecteur, muandike hiyo," akasema Papa Aloys.

Tukamgeukia wote. Alikuwa bado amesimama.

"Niandike nini, muzee?"

"Ile imepita sasa hivi. Huyu maman ameomba musamaha, mara mbili. Maman patron amemusamehe. Muulize sasa, amekosa nini mu hii bureau? Ameiba nini hapa?"

Inspecteur Lucien akamtazama. Kisha akavaa miwani, akachukua kalamu, akamgeukia Maman Constance kwa upole mkubwa.

"Maman, Bibiane amewakosea nini hapa leo?"

"Ah! Si kitu," akasema Maman Constance, akijipangusa shavu. "Ni heshima tu. Si munajua batu betu."

Hugues akamshika mkono, lakini neno lilikuwa limekwisha kuondoka. Mkaguzi aliandika polepole, akisema kila neno kwa sauti. Si kitu. Ni heshima tu. Alipomaliza akaisoma tena yote, akamwambia Hugues kwamba kama wanataka, faili itaenda mahakama ya kazi na sentensi hiyo ndani yake, kando ya ile barua ya msamaha, saini ya Maman Constance ikiwa chini. Hugues si msomi sana, lakini kuogopa anajua. Akamnong'oneza. Miwani ya jua ikatikisika mara mbili. Cheti kipya kililetwa saa tisa siku ile ile: kazi, mfuaji, tangu lini, mpaka lini, basi. Maman Constance hakuomba radhi kwa mtu yeyote, na mashuka ya Mumosho hayajulikani yaliko mpaka leo, ingawa mimi nina mawazo yangu.

Jumatatu Bibiane aliingia kwa masista. Papa Aloys bado anakaa chini ya mabati yake, bado ana kiburi, na bado hakupi maji kabla ya kukutajia Directeur Barthélemy. Ila sasa anauliza swali moja kabla ya kuingiza karatasi kwenye mashine: "Ulifanya ao hukufanya?" Nusu ya wateja wake wamemkimbia kwa swali hilo. Wanasema amekuwa mkali, hajui tena heshima, na wanakwenda kwa kijana mwenye kompyuta ambaye amenakili barua ile ya zamani neno kwa neno. Hao nitaendelea kuwapokea Jumanne, na nitaendelea kuwadharau wakubwa wanaoipiga mhuri, kwa sababu dharau ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Lakini kuna jambo la Ijumaa ile sijalisema. Tulipotoka ofisini kungoja cheti, tulisimama nje kwenye ngazi, sisi watatu. Papa Aloys aliweka majalada yake chini, kwenye vumbi, jambo ambalo sikudhani anaweza kulifanya. Akamsogelea Bibiane.

"Maman Bibiane, unisamehe."

"Haina neno, Papa," akajibu Bibiane mara moja, akianza kuinama.

"Hapana. Usinijibu vile." Mzee akainua mkono kumzuia. "Hii yangu haiko ya heshima. Mi nilikukosea kweli."

Bibiane akabaki ameinama nusu, hajui aende juu au chini. Maisha yake yote alikuwa ameomba, kuombwa hakuwahi. Alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akanyoosha mgongo.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Ulinikosea."